Ng'ombe Aliyerudi na Zipu

Juma lililopita nilikuwa dukani Lodwar nikitafuta mkanda, na mbele yangu mama mmoja mwenye shanga tele shingoni akatungua mkoba wa ngozi ukutani, akakataa kuuachilia. Kidole chake kilikuwa kikifuata kovu la chapa ya moto chini kidogo ya zipu.

"Hii ng'ombe ni yetu," akamwambia mwenye duka. "Hii alama ni ya boma yetu. Mimi ndio nilishika miguu ikichomwa."

"Mama, huo mkoba umetoka kiwandani Nairobi."

"Lakini ilizaliwa kwetu Kaaleng."

"Si mliuza ngozi?"

"Tuliuza ngozi. Alama hatukuuza."

Mwenye duka akajikuna shingo, kisha akakosea. Akamweleza kwamba alama hiyo ndiyo inayoufanya mkoba uwe ghali kuliko mingine, kwa sababu wateja wanadhani ni urembo wa kiwandani.

Mama akamnyooshea kiganja. "Basi hiyo urembo tulichora mimi na mzee wangu. Utulipe."

Akaambiwa aurudishe mkoba ukutani. Aliurudisha, ila kwanza aliupapasa ubavuni na kuuamkia kwa Kiturkana, "Ejok."

Kila uchaguzi ukikaribia tunaahidiwa kiwanda cha ngozi hapa Turkana. Nadhani tunaahidiwa kitu ambacho tayari tunacho. Nusu yake iko Nairobi, na ile nusu nyingine niliiona ikitoka dukani mikono mitupu, imevaa akala za tairi kuukuu.