Mpiga Taipu wa Kambi Muru

Mpiga taipu wetu hatulii. Akimaliza barua ya mtu anayeomba kazi, huinuka, huzunguka meza, huketi tena, vidole vikichezacheza gotini kana kwamba bado vinatafuta herufi. Kati ya barua moja na nyingine huandika kitabu chake cha pili kuhusu vijana waliohamia sayari nyingine kwa chombo cha angani. Cha kwanza, alichokishona mwenyewe kwa uzi, kilisomwa na wapangaji wote wa ploti yetu mpaka kikachanika.

Jana Nekoye, binti wa jirani, alikuja kuaga. Anapelekwa Kakamega kwa nyanya yake; ndugu zake wote wanabaki hapa Kambi Muru, Kibera.

“Auntie, wale vijana wa kitabu cha kwanza, yule dada yao waliyemwacha duniani, walirudi kumchukua?”

Mpiga taipu alitazama rundo la kurasa mezani. Mimi nilikuwa nimezisoma, na humo hakuna kijana hata mmoja aliyemkumbuka dada huyo.

“Wanarudi,” alisema polepole.

“Lini?”

Alirarua kurasa kumi na mbili, akaingiza karatasi mpya na kuanza kupiga akiwa amesimama. Kutoka njiani mama yake Nekoye aliita, akaita tena.

“Ngoja kidogo,” alimwambia msichana bila kuinua macho. “Chombo kimeshageuka.”