Nhàn na Kanda za Salamu

Pale Cái Bè, mji mdogo kusini mwa Saigon, ukiambiwa nenda kwa Nhàn, huna haja ya kuuliza Nhàn yupi. Ni Nhàn wa kamera. Kaka yake aliyeko Australia ndiye aliyemletea kamera hiyo: ya kubeba begani, nzito kama mtoto aliyelala, inameza kanda nzima ya video na kuvuma muda wote inaporekodi. Kwa kuibeba miaka, bega lake la kulia likashuka chini ya la kushoto. Mkewe humwambia siku akifa itabidi watafute fundi wa kuchonga jeneza lililopinda.

Harusi alipiga, karamu za kuwakumbuka wafu alipiga, lakini kilichompa jina ni kanda za salamu. Nyumba nyingi zilikuwa na mtoto ng'ambo, na mtoto wa ng'ambo haridhiki na barua. Anataka kumwona mama yake akitembea. Wazazi nao wana mambo yao. Wakionekana hohehahe, watoto watakosa usingizi. Wakionekana wamenawiri, watoto watawasahau. Nhàn alikuwa bingwa wa kati na kati. Mteja asiye na pikipiki aliegeshewa uani ile nyekundu ya Nhàn, mpaka watu wa California, ambao huazimana kanda, wakaandika kuuliza kama serikali imegawa pikipiki nyekundu kila nyumba. Uongo wa namna hiyo haukumsumbua. Kwake ulikuwa kama poda ya bibi harusi.

Mwaka tisini na tano, sikukuu za Tết, za mwaka mpya, zilipokwisha, akaitwa na Bibi Lựu, mjane mwenye shamba dogo la machungwa. Presha ya macho ilikuwa imempofusha kabisa, na daktari wa Saigon alishasema hayarudi. Alikuwa na mtoto mmoja tu, Diệp, aliyekuwa San Jose, kule California, akisomea ufamasia.

"Nataka kanda, Nhàn. Ila Diệp asijue."

"Asijue nini, mama?"

"Macho. Akijua leo, kesho anatupa vitabu na kupanda ndege. Namfahamu mimi. Kichwa kigumu kama marehemu baba yake."

"Kwa habari nilizonazo mimi, mama, kile kichwa hakikutoka kwa baba."

"Fanya kazi iliyokuleta."

Wakafanya mazoezi siku tatu. Bibi Lựu alihesabu hatua kutoka mlangoni hadi mezani. Akajifunza kuugeuzia uso mvumo wa kamera, hata Nhàn alipohamia dirishani uso ulimfuata, macho yametulia, tabasamu mahali pake. Kazi ilikuwa kwenye chai. Buli lilikaa ndani ya kifuu cha nazi ili lisipoe, na alitaka mwanawe amwone akimimina mwenyewe. Siku ya kwanza chai yote iliishia kwenye suruali ya Nhàn.

"Imekuunguza?"

"Kidogo tu. Watoto ninao wanne, wanatosha."

Bibi Lựu alicheka hadi akakaa chini. Siku ya tatu alimimina vikombe viwili, akiutazama mvumo wa kamera na kusimulia habari za machungwa, na tone halikuanguka. Nhàn alimpenda kwa kazi ile. Akaona hajapata kupiga kanda safi kama hiyo, na akaipeleka mwenyewe kwa mgeni aliyekuwa akirudi Marekani.

Njia ya mwongo ni fupi. Jibu lilifika baada ya miezi miwili, nalo lilikuwa kanda. Nhàn akafunga deki yake nyuma ya pikipiki akaenda nayo kwa Bibi Lựu, ambaye alishavaa nguo ya sikukuu na kukaa mbele ya televisheni.

Diệp akatokea kwenye kioo. "Mama, shikamoo. Nimekaa kwenye kiti cha mbao, dirisha liko kushoto kwangu. Nimevaa blauzi ya manjano. Sasa nimeinua mkono wa kulia, nakupungia."

"Huyu vipi?" Bibi Lựu akauliza. "Mbona ananihadithia anachodhani nakiona?"

Nhàn akainama, akaongeza sauti ya televisheni.

"Mama," Diệp akaendelea, "ulimimina chai huku unaniangalia mimi. Kikombe hukukitupia jicho hata mara moja. Mtu anayeona hamimini hivyo. Niliirudisha kanda mara kumi nikitumaini nimekosea." Akapangusa pua. "Sirudi, usiogope. Imebaki miezi minane, nitamaliza. Lakini usinifiche tena. Na wewe usiwe na wasiwasi na mimi. Nakula vizuri, nalala vizuri. Nimenenepa, mama, mashavu yamejaa."

Bibi Lựu alikuwa akilia bila kujificha. Akapapasa hewani mpaka akaupata mkono wa Nhàn.

"Amenenepa kweli?"

Nhàn akatazama kioo. Mifupa ya shingo ilichomoza juu ya ile blauzi ya manjano, na chini ya macho palikuwa peusi. Kwa miaka minne alikuwa amezipendezesha nyumba za watu kwa ajili ya watoto wao, na hakuwa amefikiri hata siku moja kwamba kule nako huenda kuna mtu anaegesha pikipiki nyekundu.

"Amenenepa, mama," akasema.

"Mwongo." Hakusema kwa hasira. "Sauti ya mwanangu akiwa na njaa niijue leo? Nilimnyonyesha mimi. Niambie."

Akamwambia. Mifupa, weusi chini ya macho, kucha alizozitafuna. Bibi Lựu alisikiliza hadi mwisho, akaitikia kwa kichwa kila jambo.

"Umekuja na kamera?"

"Iko nje, mama."

"Ilete. Hilo buli liondoe." Akavuta kiti katikati ya chumba, akakaa, akayafumba macho kabisa. "Mimi nikianza kusema ukweli, hatakuwa na pa kujificha. Nikisikia inavuma, naanza."