Siku Niliyokwenda Mgodini Peke Yangu

Enzi zetu watoto tulilelewa kwa ugali na hofu, na mpaka leo sijui kipi kilitukuza zaidi. Sisi wa kijiji cha Kakese tulimwogopa mwalimu wa zamu, tulimwogopa fisi, tulimwogopa mumiani aliyesemekana kuendesha gari jekundu lisilo na namba. Lakini juu ya hofu zote hizo palikuwa na mgodi.

Mliokulia Mpanda mnaujua. Ng'ambo ya stesheni, nyuma ya vilima vya miombo, palikuwa na mji mwingine, mji ulioachwa. Huko zamani Wazungu walichimba madini ya risasi, na wazee wetu walituambia reli yenyewe ililetwa kwa sababu ya mawe yale. Kazi ilipokwisha wenyewe wakaondoka. Yakabaki majengo, mitambo iliyoshika kutu, kota za wafanyakazi zilizohamiwa na watu wengine, na mashimo. Sisi watoto, kwa kusikia neno risasi, tuliamini kule chini zilichimbwa risasi za bunduki, za shaba, zikiwa zimejipanga ardhini kama karanga ndani ya ganda.

Bibi yangu mzaa baba, tuliyekuwa tukiishi naye, alikuwa na neno lake moja kuhusu mgodi. Alilisema jioni tukimenya mihogo, alilisema tukitumwa mjini, alilisema hata bila kuulizwa. "Ukiitwa mgodini usiitike. Anayeita kule si mtu. Ukiitika, amekupata." Tulilimeza neno hilo kama tulivyomeza ugali wa muhogo kwa samaki wa migebuka kutoka Karema, bila swali. Siku hizi ukimwambia mtoto usifanye kitu, anakwambia, "Kwani kuna nini, mama?" Halafu anatafuta kwenye simu. Sisi tulikuwa tunaitikia tu, "Ndiyo bibi," tukaenda kuota ndoto mbaya.

Nilikuwa darasa la tano. Darasani kwetu palikuwa na msichana mmoja, Edita, mrefu, mwenye maneno mengi, aliyedai ameshafika mgodini na kushika mtambo mkubwa kuliko nyumba ya padri. Kila tukicheza rede alilitaja hilo. Basi likizo ya mwezi wa sita nikapelekwa kwa shangazi Konsolata, aliyekuwa anakaa mjini karibu na stesheni, na moyoni nikawa na mpango wangu: nitakwenda mgodini, nitaokota risasi moja, nitamwonyesha Edita, na maneno yake yataisha.

Nafasi ilipatikana Jumamosi moja. Shangazi alikwenda msibani Litapunga tangu alfajiri, akaniachia viazi vya kuchemsha na amri ya kutotoka uani. Nilikula kiazi kimoja, kingine nikafunga kwenye kitenge, nikatoka.

Nakumbuka njia ile kana kwamba nimeipita jana. Nilivuka reli, nikafuata kijia cha waokota kuni. Jua lilikuwa kali lakini upepo wa kiangazi ulikuwa baridi, na nyasi zilikuwa zimekauka, ndefu kunizidi, zikisuguana kwa sauti ya watu wanaonong'ona. Nilipita kota za kwanza nikaona nguo zimeanikwa na kuku wanachakura, nikajipa moyo. Baada ya hapo hapakuwa na nguo wala kuku.

Kwanza niliona ukuta mrefu usio na paa. Kisha karakana, mabati yake yamelegea, upepo ukija yanagonga, ukipita yananyamaza. Ndani mlikuwa na mtambo, kweli mkubwa, magurudumu yake yenye meno yamekamatana kama taya. Sikuushika. Nilisimama mlangoni, na popo mmoja aliporuka kutoka gizani nilirudi nyuma hatua mbili. Nilijua kabisa kwamba ningegeuka wakati ule ningekimbia mpaka Kakese. Lakini Edita alikuwa kichwani mwangu anacheka, basi nikasonga mbele, nikaupita ukuta, nikaanza kukagua udongo nikitafuta risasi.

Hapo ndipo nilipogundua kwamba ardhi inalia tofauti. Nikikanyaga, inatoa mlio mtupu, kama mtungi usio na maji. Nikasimama. Na niliposimama, nikaitwa.

"Nani huyo?"

Sauti ilitoka chini. Haikutoka nyuma yangu wala pembeni, ilitoka chini ya ardhi, kavu, ya mwanamke.

"Nimesikia miguu. Nani huyo hapo juu?"

Nilitaka kukimbia, lakini sikujua pa kukanyaga, maana ardhi yote sasa niliiona ni mdomo. Neno la bibi lilinijaa masikioni. Nikakaza meno nisije nikaitika hata kwa bahati mbaya. Machozi yalikuwa yananitoka na mkojo pia, nasema kweli, mtanisamehe.

Sauti ikaja tena, safari hii pole zaidi. "Wewe ni mtoto? Nasikia unalia. Mtoto wa nani wewe?"

Nyie wa rika langu mnajua. Swali lile tuliulizwa kila siku, dukani, kisimani, kanisani, na jibu lilikuwa linatoka lenyewe kabla akili haijafika. "Wa mzee Anselmi seremala, wa Kakese," nikasema. Na kwa kuwa nilifunzwa adabu, nikaongeza, "Shikamoo."

"Marahaba," shimo likajibu.

Sijawahi, maisha yangu yote, kuogopa kama nilivyoogopa kwa ile marahaba. Nilikuwa nimeitika. Nilisubiri kuvutwa.

Sikuvutwa. Sauti ikasema, ikipumzika kila baada ya maneno machache, "Usisogee hapo ulipo mpaka nikwambie. Mimi Mama Zaituni, nakaa kota. Nilikuja kukata nyasi za kuezekea, ardhi ikaniachia. Mguu wangu umevunjika. Udongo bado unamomonyoka. Rudi ulikotokea, ukanyage palepale ulipokanyaga. Nenda stesheni uwaite watu. Na mwanangu yuko peke yake ndani, ni mdogo, nimeacha maharage motoni. Waambie wamtoe jikoni. Umesikia, mwanangu?"

Nikasema nimesikia. Nikageuka, nikafuata nyayo zangu mwenyewe kwenye vumbi, moja baada ya nyingine. Nilipofika kijiani nilikimbia.

Stesheni siku ile hapakuwa na treni. Walikuwepo wapagazi watatu wamelala kivulini juu ya magunia, mama muuza chai na chupa zake, na mzee mmoja wa reli mwenye kofia, mfupi, aliyeitwa Mzee Kipara ingawa nywele alikuwa nazo. Nilipofika niliongea kila kitu kwa mara moja. Wakanikalisha, wakanipa maji, wakaniambia nianze upya. Nikaanza upya: nimekwenda mgodini, nimesikia mtu anaita kutoka chini.

Nikaona nyuso zikibadilika. Mpagazi mmoja aliinuka kutoka kwenye gunia akasogea mbali nami.

"Uliitika?" Mzee Kipara akaniuliza.

"Niliitika."

Mama muuza chai akajishika kifuani. Mpagazi mwingine akasema taratibu, kama mimi sisikii, "Huyu apelekwe kwa padri, ama kwa mganga. Ameshachukuliwa." Nikawaambia ni mtu, amevunjika mguu. Wakatazamana. Mzee Kipara akaniambia kwa upole kabisa, na upole ule ndio ulionitisha zaidi, "Mjukuu wangu, wale wana sauti za watu. Hata majina ya watu wanayajua."

Hapo nilielewa kitu ambacho mtoto hapaswi kukielewa mapema: kwamba watu wazima nao wanaogopa, na wakiogopa wanaweza kukaa palepale wakinywa chai huku mtu anakufa. Nikaanza kulia kwa hasira. Nikasema, "Amesema mtoto wake yuko peke yake na maharage yako motoni."

Mama muuza chai aliweka kikombe chini. "Nani amesema maharage?"

"Mama Zaituni wa kota. Amesema mtoto atolewe jikoni."

"Asubuhi nimepita kwake," yule mama akasema, hakuwa anaongea na mtu. "Nimemkuta anachambua maharage." Akasimama, akafunga kitenge kiunoni. "Mzee Kipara, shetani hana maharage jikoni. Chukueni kamba."

Yeye mwenyewe alikimbilia kota kumtoa mtoto. Wanaume wakachukua kamba na ngazi ya karakana ya reli, na kwa kuwa hakuna aliyejua shimo lilipo, ilibidi niongoze mimi. Kurudi kulikuwa kubaya kuliko kwenda. Mara ya kwanza nilikuwa naogopa nisichokijua. Sasa nilijua ardhi ile inaweza kufunguka, na nyuma yangu wanaume wazima walikuwa wamenyamaza kama wanapita makaburini. Mmoja alikuwa anasali rozari kimoyomoyo, midomo inacheza.

Tulipofika karibu Mzee Kipara akaita. Kimya. Akaita tena. Mabati yakagonga, upepo ukapita, kimya. Mpagazi akasema, "Mzee, turudi." Mzee Kipara akaniangalia. "Ita wewe. Sauti yako anaijua."

Nikaita, "Mama Zaituni." Hakuna. Nikaita tena kwa nguvu zangu zote, mpaka nikakohoa. Nilianza kuamini kwamba wao ndio walikuwa na akili, kwamba niliongea na kitu ambacho si mtu na sasa kimewaleta watu wengine wanne.

Kisha, kwa mbali sana, "Mwanangu amekula?"

Mzee Kipara alivua kofia, akalala kifudifudi, akatambaa mpaka ukingoni. Kazi yote ilichukua alasiri nzima. Waliweka ngazi imelala juu ya shimo, mpagazi mwembamba kuliko wote, yule aliyekuwa wa kwanza kunikimbia, akafungwa kamba akashuka. Udongo ulipoporomoka mara moja, wote tulishika ile kamba, na mimi nikiwamo, mikono ikachubuka. Mama Zaituni alitoka amefunikwa vumbi la kijivu kutoka kichwani mpaka miguuni, macho tu ndiyo mekundu. Kusema kweli alifanana na kila nilichowahi kukiogopa. Akanishika mkono. Mkono wake ulikuwa wa baridi, na sikuutoa.

Mtoto wake alikutwa mzima, na yeye mwenyewe alipona, ila akabaki anachechemea. Mimi shangazi alinichapa, halafu akanikumbatia, halafu akanichapa tena. Kesho yake akanirudisha Kakese.

Bibi alikuwa amekaa nje anapepeta mchele. Shangazi akamweleza. Nikasubiri kugombezwa, maana nilivunja neno lake kubwa kuliko yote. Bibi aliuacha ungo. Akaniuliza, "Ulimsikia vizuri? Aliongea kama mtu?"

"Kama mtu, bibi."

Ndipo, kwa mara ya kwanza, nikasikia habari za kaka yake, Benedikto. Mgodi ulipokwisha kufungwa, kijana huyo alikwenda kule kuokota vyuma chakavu na hakurudi. Wanawake waliopita kukata kuni walisimulia kwamba wamesikia mtu anaita kutoka ardhini. Wazee wakasema ni mizimu ya mgodi, asiende mtu. Siku ya tatu sauti haikusikika tena.

"Basi alikuwa yeye," bibi akasema. Akaushika tena ungo, lakini hakupepeta. Tangu siku ile hakulisema tena lile neno lake, na sisi hatukumwuliza.

Mwaka jana, kiangazi, nilikwenda tena kule, peke yangu kama mwanzo, nimepanda bodaboda mpaka nusu ya njia. Mji umekua. Nyumba zimepanda mpaka vilimani, lami imefika, na mtambo ule nilioambiwa ni mkubwa kuliko nyumba ya padri haupo, nadhani umeuzwa kama vyuma. Watoto wanapita pale wakitoka shule, vifaa vya muziki masikioni, hata ukiwasalimu hawasikii. Risasi niliyoitafuta sikuipata mpaka leo.

Mbele zaidi nikakuta vijana wanachimba. Wanatafuta dhahabu, wana tochi vichwani, kandambili miguuni, na redio inaimba juu ya rundo la mawe. Mmoja, umri wa mwanangu wa pili, alikuwa anajiandaa kushuka kwenye shimo lililoshikiliwa na magogo mawili tu. Nikamwuliza kama haogopi.

"Woga ni mambo ya zamani, mama," akanijibu, akicheka vizuri, akashuka.

Enzi zetu tuliogopa mpaka yasiyokuwepo. Hawa hawaogopi hata yaliyopo. Sijui nani kati yetu amelelewa vizuri zaidi. Wenzake waliniambia nirudi mjini, jua linazama na bodaboda zitakuwa adimu. Nikawaambia sawa, natoka sasa hivi. Lakini nilikaa pale juu ya jiwe, macho kwenye lile shimo, na sikuinuka mpaka nilipomwona yule kijana ametoka.