Siku Nilipomcheka Mzungu wa Kofia Pana Hewani

Aibu hii mtu mwenye akili timamu angeifukia, lakini kwa kuwa nusu ya Waafrika wa Sydney waliisikia moja kwa moja, heri niisimulie mwenyewe kabla hawajaitia chumvi zaidi.

Wakati wa lockdown, redio moja ya mtaa ilinipa nafasi ya kupiga muziki wa soul kila Jumamosi asubuhi, nikitangazia chumbani kwangu mtaani St Marys, na mimi (bingwa wa kujiteua, nani alinipa cheo?) nikavimba kichwa. Basi Mama Riziki, jirani yetu Mkongo anayetunza wazee, akanipigia kuomba wimbo wa country wa mzungu mmoja wa kofia pana na gitaa, amkumbuke mama yake aliyezikwa Bukavu yeye akiwa amefungiwa huku. Nikamwambia hii ni stesheni ya soul, si zizi la ng'ombe. Akajibu kwa upole kwamba stesheni za soul za Wamarekani weusi ziliupiga wimbo huo zamani mpaka ukachakaa. Nikaona ananifundisha kazi.

Nikaamua nitaupiga, ila maiki niiache wazi ili watu wanisikie nikiucheka.

Ubeti wa kwanza nikacheka, nikalia kama ng'ombe. Ukaingia wa pili, na jamani, ndio ule mama yangu alikuwa akiuimba Jumapili kule Nakuru akisukuma chapati (Wakenya wenzangu, msijifanye hamwajui hao wazungu wa kofia, ndio waliotulea), na mama sikuwa nimemwona tangu mipaka ifungwe, basi mdomo ukafunguka wenyewe, nikaimba mpaka mwisho kwa sauti yangu ya bawaba kavu, gitaa nikalipiga kwa mdomo, kisha nikalia kwa kwikwi nikimwita mama.

Mke wangu akachungulia. "Baba Kim, maiki iko on," akasema, akafunga mlango.

Nikawa nangoja kufukuzwa. Simu ya kwanza ikawa ya Mama Riziki.

"Aksanti, papa. Mama yangu amepata mwanaume wa kumulilia. Na ile sauti ya ng'ombe, nayo ni soul?"

Kisha mkubwa wa stesheni akaniambia kwamba tangu nianze hakuna msikilizaji aliyewahi kupigia stesheni simu, na leo wanaomba wimbo urudiwe, si wa mzungu, wangu.

Tangu hapo sicheki wimbo wa mtu kabla sijajiuliza kama mama aliuimba, na maiki naizima hata nikitaka kukohoa.