Bei ya Kulea Mmoja

Mama Kola hakuwa na mtoto wa jina hilo. Alishona kola za mashati kiwandani, mwaka wa saba sasa, kola tu, hata kifungo hajawahi kugusa. Likizo yake ya uzazi ilikuwa inaisha Ijumaa, na msimamizi alishamtumia salamu: Jumatatu saa moja asubuhi cherehani ile itakuwa na mtu, awe yeye au mwingine. Mume alibaki jina tu kwenye kadi ya kliniki. Yaya ilikuwa lazima apatikane, tena wiki hiyo hiyo.

Jirani akamleta mama mmoja wa makamo, mikono safi, aliyempokea mtoto kwa kumshikilia shingo vizuri hata kabla ya kuketi. Mama Kola akampenda palepale, akajitahidi asionyeshe.

"Unataka ngapi kwa mwezi, mama?"

Yule mama akataja. Ilikuwa nusu ya mshahara wa Mama Kola.

Hapo ndipo kiwanda kilipomponza. Kule ukiomba nyongeza, msimamizi hukata nusu bila hata kuinua macho, basi kila mtu huomba maradufu. Miaka saba ya mchezo huo ilimfanya aamini kuwa dunia nzima hutaja maradufu. Akakata nusu.

Yaya alimtazama mtoto. "Haya, mwanangu. Tutaona."

"Umemkata sana," jirani alimwambia baadaye mlangoni.

"Kama hataki si angesema?" Siku ile alijiona mjanja kweli. Rahisi ni ghali, wahenga walisema, lakini wahenga hawakuwa na msimamizi wa kumwahi Jumatatu.

Wiki ya tatu umeme ulikatika kiwandani, wafanyakazi wakarudishwa nyumbani saa sita mchana. Mama Kola alikwenda mbio mbio, maziwa yakimlowesha blauzi, furaha imemjaa. Akasukuma mlango.

Kitandani kwake walilala watoto wanne, wamepangwa kwa upana. Wake alikuwa wa mwisho, ukutani, nepi imelowa mpaka kwenye godoro, macho wazi, halii. Huyu ndiye aliyekuwa akipiga kelele mpaka nyumba ya tatu. Sasa alikuwa amejifunza kwamba kulia hakuna faida. Mama yake alilijua hilo kwa kumtazama tu, na moyo ukamuuma asijue pa kuushika.

Yaya hakushtuka. Alikuwa amempakata wa tano, anamnywesha chupa.

"Hawa wa nani?"

"Wa wenzako wa kiwandani. Nawapokea hapa ukishaondoka."

"Mimi nilikuweka umlee wangu."

"Nilikutajia bei ya kulea mmoja, mwanangu, ukanipa nusu. Kodi yangu hakuna aliyeikata nusu. Na wenzako nao walikata vilevile."

Mama Kola akamnyanyua mwanawe. Neno "toka" lilimfika mpaka kwenye meno. Kisha akakumbuka wanawake wanaosubiri getini kila asubuhi, wakiomba mmoja wa walio ndani akosekane. Kuongeza hakuweza, kufukuza hakuweza. Akambadilisha nepi, akamnyonyesha, machozi yakimdondokea mtoto usoni.

"Basi kesho," akasema hatimaye, "wangu ndiye umlishe kwanza."

"Kila mama ananiambia hivyo," yaya akajibu, akanyoosha mkono kumchukua mtoto aliyefuata.