Maziwa Yaliyoshinda Rangi

Juzi pale Mbalizi nilimwona mpima maziwa akidondosha rangi ya bluu kwenye chupa. Harufu ya dumu la shangazi ilinirudia: mavi ya ng'ombe, manyoya yaliyolowa, uchachu.

Mchana mmoja nilipokuwa mtoto, kule Kalenga, shangazi alikamua huku akichovya vidole ndani ya maziwa ili chuchu ziteleze. Kwenye kituo cha maziwa, mpimaji alitia rangi katika chupa yetu na za majirani, akazitumbukiza kwenye maji ya uvuguvugu. Tulisubiri, nzi wakitembea mdomoni mwa dumu. Chupa za wenzetu zilibaki bluu. Yetu ilififia mpaka ikawa nyeupe pe.

“Shangazi, yetu yametakata!” nilipiga kelele. “Yameishinda rangi!”

“Nyamaza, wewe!”

“Mama, haya rudi nayo,” mpimaji alisema, akigeuza uso pembeni.

Leo najua kwamba vijidudu vikijaa kwenye maziwa ndivyo vinavyoipoteza ile bluu. Siku ile nilidhani tumerudishiwa maziwa kama zawadi ya washindi. Njiani nilikunywa kwa fahari, kisha nikalamba hata utando wa njano uliogandia kwenye kifuniko.