Afisa wa Kukuza Kampuni za Kompyuta

Afisa wetu wa kukuza kampuni za kompyuta huvua viatu mlangoni, akaingia ofisini kwa soksi kama aingiaye msikitini. Kompyuta ya serikali, ya pekee hapa Kilifi, imefunikwa kitambaa cheupe alichofuma mkewe. Hukiinua kwa ncha za vidole, akapangusa vumbi lisilokuwapo, akakirudisha. Kila Ijumaa huifukiza udi. Kuiwasha hajaiwasha, asema umeme wa huku hauna adabu.

Sauti yake ni ya upole, kama ya mtu aliyekuja kuposa. Jana alifika Zipporah, binti wa Jilore aliyesomea kompyuta Nairobi, kuomba aitumie aanzishe kampuni ya kuwapigia wakulima hesabu za korosho.

"Shikamoo, mzee. Nipe wiki moja tu."

"Marahaba, mwanangu. Kampuni yako ishafanikiwa?"

"Bado haijaanza."

Akamtazama kwa huruma ya kweli. "Sera yetu ni kusaidia zilizofanikiwa. Nenda ukafanikiwe, kisha uje tukusaidie kuanza."

Zipporah akanyoosha kidole, akakigusa kile kitambaa, akaondoka. Afisa akaagiza chetezo na udi, ingawa ilikuwa Jumanne.